Chokaa Ndani ya Jiko la Bibi Rosa

Bagamoyo,
Mfunguo Mosi, imeanzwa Jumatano, imemalizwa Ijumaa baada ya sala

Kwa mama yangu, Kilwa Kivinje.

Mama, shikamoo. Nakuamkia kwa adabu zote ulizonifunza, na naomba barua hii ikukute mzima, kifua kimetulia, na lile goti lako limekubali kukunjika wakati wa sala bila kukugombeza. Zuhura naye hajambo? Anakula? Nasikia mabibi arusi wa siku hizi huacha kula wakidhani ndio uzuri. Mwambie ale. Mimi ni mzima, ila mkono mmoja, na ila roho, na habari za vyote viwili utazipata humu ndani kwa sababu ni habari moja.

Barua yako ya kujibu salamu yangu, kwamba jiko linanichelewesha, imenifika. Aliyekuandikia ana mwandiko mzuri, lakini maneno niliyajua ni yako kabla sijafika katikati. "Arusi haingoji jiko." Nimeisoma nikaiweka juu ya debe la unga, nikaichukua nikaisoma tena. Mama, nayajua. Najua watu wa upande wa bwana arusi wamekwisha kuweka siku na hawataki kuambiwa tena kesho. Najua marehemu baba aliacha neno kwamba Zuhura ataozwa na mkono wangu, si wa mwingine. Na najua kwamba meli ya pwani ikifika huko bila mimi, Baba Mdogo atakaa mahali pangu, atamwoza, kisha tutasimuliwa habari hiyo kila Idi mpaka tuzikwe. Hayo yote nayajua. Wewe ndiye hulijui jiko hili, wala humjui Fundi Shomari, na sitaki unihukumu kabla hujawajua wote wawili.

Bibi Rosa, tajiri wangu, nimekwisha kukueleza: mjane wa Kigoa, mwenye nyumba ya wageni na mikate ya boflo inayoliwa mji mzima, toka bomani mpaka sokoni. Jiko lake ni la chuma, la kuni, refu kuliko kitanda changu. Lina tanuri la mkate ubavuni, sanduku la kuchemshia maji upande wa pili, na dohani inayotoboa dari ikatoka juu ya paa. Marehemu mumewe alilileta kwa meli kabla ya vita. Ndani, pale moto unapokaa, limetandikwa matofali ya namna yake, ya kuhimili moto, ili chuma kisiungue. Bibi Rosa akilipita huligusa begani. Sijapata kumwona akimgusa mtu.

Baada ya Idi alinipa ruhusa ya kuja arusini, na akanipa kwa sharti moja dogo. Kabla sijaondoka jiko lisafishwe, dohani itolewe masizi, milango ikazwe, ili atakayeshika mahali pangu asisumbuke. Sharti jema, sikulipinga. Mtu wa kazi hiyo akamchagua mwenyewe: Fundi Shomari, mwenye kandarasi za kujenga na kupaka chokaa, ambaye ukuta wake, haki ya Mungu, ni ukuta. Yeye ndiye aliyemjengea Bibi Rosa baraza na ua. Alipoulizwa kama amepata kushika jiko la chuma, alicheka. "Jiko ni nini, Bibi? Jiko ni nyumba ndogo." Pale pale ningetandika mkeka nikae matanga.

Na kubwa zaidi, ni mtani wangu. Watu wa huku na sisi wa kusini tu watani, wewe unayajua hayo kuliko mimi. Mtani akikutukana unacheka, akikuvua kofia unamwachia, akikuharibia unamtukana naye anacheka. Tangu nifike mji huu ananiita mla panya, nami namwita mchoma mawe, kwa sababu chokaa yake anaichoma mwenyewe huko njia ya Mbegani. Basi hebu fikiri: utamgombeza vipi mtu ambaye kila tusi lako kwake ni salamu?

Alikuja asubuhi na kamba ya makumbi, jiwe, na fagio la makuti. Nilikwisha kukanda unga. Nikamwambia, "Fundi, ningoje nitoe unga nje." Akasema, "Wewe nenda sokoni, mla panya, jikoni kuna wanaume." Nikaona aibu kubishana mbele ya Bibi Rosa, nikachukua kapu nikaenda. Niliporudi, unga ulikuwa mweusi. Masizi ya miaka yote yalishuka kwa mkupuo mmoja, yakaingia katika unga, katika sukari, katika samli, na katika ndevu za Fundi Shomari, aliyekuwa amekaa kizingitini akinywa chai yangu.

Masizi si kitu. Masizi yanaoshwa. Lakini nje ya mlango niliona rundo la vipande vyekundu, vimevunjikavunjika, na juu yake tindo na nyundo.

"Hivi nini, fundi?"

"Ukoko," akasema. "Jiko lenu lilikuwa na ukoko ndani, mgumu huo! Nimepiga tindo mpaka kiganja kimetoka lengelenge. Mmekaa nao miaka mingapi, ninyi?"

Mama, nilichukua kipande kimoja nikamwonyesha. "Ukoko wenye pembe nne, fundi?"

Akakigeuza, akakigeuza tena. Akasema, "Kumbe."

Hilo tu. Kumbe! Matofali yaliyovuka bahari, yaliyohimili moto tangu mimi sijaja mji huu, yameondoka duniani kwa neno moja. Nilimtukana matusi yote ya utani ninayoyajua, na mengine nikayatunga papo hapo. Alicheka mpaka akakohoa masizi. Ati hajapata kumsikia mtu wa kusini mwenye ulimi mtamu namna ile.

Bibi Rosa alipolia, Fundi alimpoza. "Bibi, usihuzunike, nitakuwekea mengine, mazuri kuliko yale." Kesho yake akaja na mawe ya matumbawe, ameyachonga vizuri, yamekaa sawasawa, meupe, hata mimi niliyasifu kwa macho. Akayapanga mle ndani ya jiko, akayashika kwa chokaa, akapitisha kiganja, akasimama nyuma kuyatazama kama anavyotazama ukuta wake.

Nikamwuliza pole pole, maana nilidhani labda mimi ndiye mjinga. "Fundi, chokaa yako unaipataje?"

"Nachoma matumbawe."

"Unayachomaje?"

"Kwa kuni. Moto mkali, mpaka jiwe lote linakuwa chokaa. Kazi ya marehemu babu yangu hiyo, wewe unaniuliza mimi?"

"Na haya umeyaweka wapi?"

Akatazama jiko, akanitazama mimi, akaniwekea mkono begani kwa huruma. "Lakini huku mnachoma mkate, mtani. Hamchomi chokaa."

Nifanye nini na mtu huyo? Niambie, mama. Wewe umelea watoto na umeishi na shemeji zako, una uzoefu. Nilimwendea Bibi Rosa nikamwambia mawe yale hayafai, akanijibu kwamba mimi nina haraka ya safari, kila kitu kwangu kibaya. Akaligusa jiko begani, akasema, "Limependeza." Tukawasha.

Boflo za kwanza zilitoka na vumbi jeupe mgongoni. Bibi Rosa akadhani nimemwaga unga mwingi, akaniambia nijifunze kubana. Zilizofuata zilikuwa nyeupe zaidi. Mwenye duka mmoja wa Kihindi, mteja wetu wa zamani, alirudisha mkate wake mwenyewe kwa mkono wake, akasema umemuunguza ulimi nao ni wa baridi. Nilipochungulia ndani ya jiko nikaona mawe yamepasukapasuka, yanamomonyoka ukiyagusa kwa koleo. Tulikuwa tunachoma chokaa, mama. Katika jiko la mkate, kwa kuni za mikoko, kila siku ya Mungu, tukiwauzia watu kifungua kinywa.

Nikaamua nizime moto, niyatoe yote. Ningefanikiwa. Lakini Fundi Shomari alikuwa amepita kuja kutazama kazi yake na kuniuliza kama nimekula panya leo. Alipoona nataka kuzima, akasema, "Hebu nikusaidie," akachukua ndoo, akamwaga maji.

Wewe umekaa pwani umri wako wote. Unajua jiwe lililochomwa hufanya nini likipata maji. Yeye ndiye angejua zaidi, maana ndiyo kazi yake, kila siku anayamwagia maji huko njia ya Mbegani na kukimbia. Jiko lilinguruma. Mvuke ukatoka kwa mlango, kwa dohani, kwa kila tundu, na yale mawe yakaanza kuumuka, yakafura, yakausukuma ubavu wa chuma kutoka ndani mpaka nikausikia ukilia, kisha ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Mimi, kwa ujinga wangu, niliona sinia la boflo limebaki tanurini, nikaingiza mkono kuliokoa. Boflo! Nimeacha chokaa iumuke, naokoa boflo. Mkono wa kulia ukaingia katika uji mweupe unaochemka, uliokuwa ukivuja kwa ule ufa mpaka tanurini.

Haki yake nimpe: hapo ndipo Fundi Shomari alipojua la kufanya. Alinivuta, akanipangusa, akanipaka mafuta ya nazi, akanifunga kwa kitambaa cha kilemba chake mwenyewe, akinitukana muda wote. Mkono unapona. Ngozi ya kiganja ilitoka yote na sasa inaota mpya, laini kama ya mtoto, inauma hata nikishika kalamu. Usilie, tafadhali. Ndiyo maana mwandiko huu umekaa kama kuku amepita.

Bibi Rosa aliutazama ule ufa siku nzima. Kisha akaniita akasema, "Athumani, ubavu mpya utatoka Ulaya. Vita vimekwisha lakini chuma bado hakiji. Siwezi kukupa ruhusa mpaka jiko liwake." Nikamwambia, "Bibi, dada yangu anaolewa." Akasema, "Nami nina wageni na mji unataka mkate. Yule wa kushika mahali pako yuko wapi?" Kweli, yule mpishi tuliyekuwa tumepatana naye alikuja, akazunguka jiko, akasema yeye alifunzwa kupika, hakufunzwa kuzika. Akaenda zake Dar es Salaam.

Fundi Shomari hakukata tamaa. Watu wa namna ile hawakati tamaa, ndio msiba wao na wetu. Alikata ukanda wa chuma kutoka kwenye pipa, akalifunga nao jiko kiunoni, akaukaza kwa misumari. Tulipowasha, chuma kikatanuka, ukanda ukafyatuka ukaruka jikoni pote, ukapiga rafu, na buli la Bibi Rosa la tangu siku za arusi yake likaanguka vipande. Akasema, "Kumbe." Mama, nililisikia neno hilo mara ya pili nikaenda nje nikakaa chini ya kamba ya kuanikia nguo nikiwa nimejishika kichwa.

Siku hiyo hiyo ndipo barua yako iliponifika.

Hapa, mama, utaona nimekata mistari. Usijaribu kuisoma. Nilikuwa nimeandika maneno ya kumpa Baba Mdogo wakala, kwamba mimi Athumani, kaka wa Zuhura, namruhusu amwoze kwa niaba yangu. Niliyaandika yote mpaka mwisho, na nilipofika kwenye jina la Zuhura mkono ukauma nikaacha. Si mkono uliouma, lakini acha tuseme ni mkono. Hiyo ilikuwa juzi; nikaiweka barua, nikaenda sala ya adhuhuri. Baada ya hapo ndipo yametokea yaliyonifanya niirudie, na ningekuwa na karatasi nyingine ningeianza upya, lakini sina.

Nilipotoka msikitini, Fundi Shomari alikuwa ananingoja nje na kofia yake upande. "Mla panya! Nimepata dawa ya lile jiko."

Nikavaa viatu vyangu.

"Mtani, nimepata dawa. Udongo wa kichuguu, naukanda na kinyesi cha ng'ombe, naujaza ufa wote."

Nikapita. Akanifuata. "Mbona hunitukani?" Akasimama mbele yangu. "Athumani, nitukane, bwana. Nimekuvunjia jiko, nimekuunguza mkono. Nitukane!"

Nikamwambia, "Sina tusi. Dada yangu anaolewa Kilwa. Baba yetu amekufa. Mkono wa kumwoza ni wangu, na meli inakuja, nami nimekaa hapa nalinda chuma kilichopasuka. Nitaandika wakala, mtu mwingine atamwoza. Basi, nenda kachome mawe yako."

Fundi Shomari alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Uliniambia unakwenda arusini," akasema. "Hukuniambia kwamba wewe ndiye walii wa kumwoza." Akaondoka bila kuniaga.

Jana asubuhi nilikuwa napanga mafiga matatu uani, nijaribu kuoka katika sufuria, nikasikia hodi. Fundi Shomari amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na nyuma yake mkewe, mwanamke mnene mwenye uso wa kutochezewa, kichwani amebeba masufuria mapana na vifuniko vyake vya bati. Fundi akapita moja kwa moja mpaka kwa Bibi Rosa, akainama.

"Bibi, mimi nimekuja kujiweka rehani."

"Rehani ya nini?"

"Ya mtani wangu. Mwache aende akamwoze dada yake. Mimi nitakaa hapa kwako mpaka arudi."

Bibi Rosa akashika kifua. "Wewe? Jikoni kwangu?"

Mkewe akamsogeza kando kwa kiwiko. "Siye yeye, Bibi. Yeye atakaa nje achanje kuni. Akigusa jiko, mimi mwenyewe nitamfunga kwenye mnazi. Nipe unga."

Akapewa unga, akatoka nao uani kwenye mafiga yangu. Akaoka kama unavyooka wewe, mama, moto chini na makaa juu ya kifuniko, akigeuza sufuria robo robo kwa kanga. Mkate ulipotufikia jikoni ulikuwa wa mviringo, si wa boflo, umeiva rangi moja juu na chini. Bibi Rosa akakata kipande akala, uso haukubadilika. Akakata cha pili. Kisha akaligusa jiko begani, lile jiko lililokufa, akasema bila kunitazama, "Nenda, Athumani. Lakini urudi."

Kwa hiyo mama, nakuja. Ndilo ulilotaka kulijua tangu mstari wa kwanza, nami nimekuzungusha mpaka hapa kwa sababu nami nilizungushwa. Barua hii inatangulia na lori la leo, mimi nafuata na meli, Mungu akipenda. Mwambie Baba Mdogo namshukuru kwa kuwa tayari kushika mahali pangu, na akae nafasi ya mbele, karibu yangu, asione nimemnyang'anya kitu.

Ila usidhani nimetulia. Mtu atakayelinda mahali pangu ni yule yule aliyelivunja. Nikifumba macho naiona tindo. Hata sasa ninapoandika, kuna kitu kinagonga jikoni, tak, tak, tak, na sauti ya mkewe inamwuliza anafanya nini, naye anasema anatazama tu. Nimeamua sitageuka. Nikigeuka sitafika Kilwa. Ada yake ya utani ameshanidai: nimletee ukoko wa pilau ya arusi, uliobanduka vizuri. Nimemwahidi atapata wenye pembe nne. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kusema kweli nami nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Idi, na nikaudhika kwamba nimecheka.

Nisalimie shangazi yetu anayemkalisha Zuhura ndani, asimpake sandali nyingi, mtoto hupiga chafya. Nisalimie Mzee wa jirani aliyemzika baba, mwambie nimemwekea kofia. Nisalimie Baba Mdogo, na nisalimie yule mke wake mkubwa aliyekuwa akinipa ndizi mbivu nikitoka chuoni.

Na Zuhura mwambie kaka yake anakuja na mkono aliouahidi baba. Una ngozi mpya kiganjani, haujazoea dunia, lakini ndio ule ule. Bwana arusi naye mumwonye mapema, kwa siri, tusiaibike mbele ya kadhi: tukiketi goti kwa goti nitampa mkono wangu na nitampa dada yangu, nitayatamka maneno yote bila kutetemeka, lakini nikiisha kuupenyeza mkono katika wake, asiukaze.

Mwanao,
Athumani